Kidole chako kimesajili laini ngapi?

Ukipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, asubuhi utawakuta vijana wa kusajili laini chini ya miavuli yao. Wengi wanatafuta riziki ya halali. Wachache wana mchezo huu: unaweka kidole, kijana anatazama mashine, anakunja uso. "Haijasoma mama, weka tena." Unaweka. "Tena kidogo, mtandao unasumbua." Unaondoka na laini yako moja, naye anabaki na nyingine yenye jina lako.

Hiyo ya pili ndiyo inayouzwa kwa matapeli. Wakituma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", jina linalotokea ni lako, na polisi wakifuatilia, mlango wa kwanza kugongwa ni wako.

Tusiwahukumu vijana wote, maana kidole kukataa kusoma ni jambo la kweli huku kwetu. Mchuma chai wa Mufindi au mlima viazi wa Njombe vidole vyake vimesuguka. Kwa hiyo usigombane naye. Muombe akuonyeshe kioo cha mashine kila anapokuambia urudie, kisha piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia baada ya siku chache. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, udai iondolewe.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nayo ina jambo ambalo watu hawaliangalii. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa hesabu umeiacha wapi: stationeri, kwenye WhatsApp ya aliyekuchapishia fomu, kwenye kopi iliyotoka imefifia ukaiacha mezani. Kama namba yako ya siri ya pesa za simu ni mwaka wa kuzaliwa, aliyeokota kopi hiyo anayo tayari. Ibadilishe leo. Kopi mbovu ondoka nayo, na picha ya kitambulisho ifutwe kwenye kompyuta yao ukiwa umesimama hapo hapo.

Msimu wa mbolea ya ruzuku usishangae kupigiwa na "ofisa kilimo" anayetaka kuhakiki usajili wako. Akianza kuulizia namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi, kata. Ruzuku haihitaji namba yako ya siri.

Kuna pia wizi wa kurudisha laini: tapeli anajifanya wewe, anaomba laini mpya ya namba yako, na ya kwako inazimika. Watu wa Makete na milima ya Rungwe wamezoea mtandao kupotea, ndiyo maana hushtuka wakiwa wamechelewa. Jirani wa mtandao ule ule akiwa anapata na wewe hupati, azima simu yake upige 100 mara moja. Waombe wafunge laini na akaunti ya pesa, halafu wajulishe benki.

Kujifanya mtu mwingine kwa njia hizi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo nenda polisi ukafungue jalada. Ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira. Utume kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo utakayojibiwa ili utaje namba iliyoutuma.