Kalenda iliyogoma na kitufe kilichopoteza rangi: kagua mpangilio wa kupakia kwanza

Katika tovuti ninazoletewa kurekebisha hapa Dodoma, nyingi zikiwa za nyumba za wageni na za vikundi vya wakulima wa zabibu, lalamiko linalojirudia ni kwamba ukurasa ulikuwa ukifanya kazi vizuri hadi kitu kipya kilipoongezwa. Wenye tovuti hudhani wameingiliwa na virusi, ilhali mara nyingi tatizo ni maktaba za JavaScript, yaani mafungu ya msimbo ulioandikwa tayari unaoendesha vitu kama kalenda na picha kwenye ukurasa, zinazogombea jina moja.

jQuery, maktaba iliyotolewa mwaka 2006, hutumia alama ya dola ($) kama jina fupi la amri yake kuu, na maktaba ya Prototype iliyoitangulia hutumia alama hiyohiyo. Inayopakiwa mwisho ndiyo inayolimiliki jina. Prototype siku hizi ni nadra. Ugomvi ninaoukuta zaidi ni wa jQuery na jQuery yenyewe, yaani nakala mbili ndani ya ukurasa mmoja.

Nyumba moja ya wageni ilikuwa na kalenda ya kuchagulia tarehe ya kufika. Mwenyewe aliongeza picha zinazopishana, na kwa kuwa maelekezo yake yalikuja na mstari wa kupakia jQuery, aliubandika wote chini kabisa ya ukurasa. Kalenda ilikuwa imejishikiza kwenye nakala ya kwanza, lakini mstari wa kuiwasha husubiri ukurasa ukamilike, na kufikia wakati huo alama ya dola ilikuwa imeshachukuliwa na nakala ya pili, ambayo haiijui kalenda hiyo hata kidogo. Ndiyo maana konsoli, sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya msimbo, ililalamika kuhusu <code>datepicker</code>, yaani amri ya kuiwasha kalenda, ingawa faili lake lilikuwa limepakiwa bila hitilafu.

Hapo nilibonyeza F12, nikaandika <code>jQuery.fn.jquery</code> kwenye konsoli ili kujua toleo la jQuery linalotumika, nikapata toleo tofauti na lile lililoandikwa juu ya ukurasa. Dawa ilikuwa kufuta mstari wa pili, na picha ziliendelea kupishana kama kawaida. Ikiwa programu-jalizi, yaani nyongeza inayotegemea jQuery kama kalenda ile, haikubali kabisa toleo lililopo, tumia <code>jQuery.noConflict(true)</code> na uihifadhi nakala yake kwa jina jingine, ingawa mimi huliona hilo kuwa suluhisho la dharura, kwani mgeni anayefungua ukurasa kwa kifurushi cha simu analipia nakala zote mbili.

Kwa mitindo, kanuni ya CSS (lugha ya kupangia rangi na mwonekano wa ukurasa) yenye kitambulisho (id) huishinda yenye darasa (class), na yenye darasa huishinda ile inayotaja elementi tu, yaani aina ya kipande cha ukurasa kama vile kitufe. Zikilingana uzito, iliyokuja mwisho hushinda. Kwa hiyo faili lako likipakiwa kabla ya Bootstrap, mkusanyiko wa mitindo iliyoandikwa tayari, kitufe ulichokipaka rangi ya zambarau kitarudia rangi ya Bootstrap. Bofya kitufe hicho kwa kulia, fungua sehemu ya ukaguzi, utaiona kanuni yako imepigwa mstari na iliyoishinda ikiwa juu yake pamoja na jina la faili ilikotoka. Hamisha faili lako liwe la mwisho. Wengi hukimbilia <code>!important</code>, na hapo ni kama watu wanaopandishiana sauti, kwa sababu kila atakayekuja baadaye atalazimika kuandika nyingine.

Baada ya marekebisho, pakia upya kwa Ctrl na F5, maana kivinjari kinaweza kuendelea kukuonyesha faili la zamani kililolihifadhi.