Gesijoto za chakula ni nini?

Chukua sahani ya wali na nyama kwa mama ntilie wa karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Ukiuliza sahani hiyo imechafua hewa wapi, wengi wataonyesha jiko la mkaa, au lori lililoleta mchele. Vyote vimo. Lakini sehemu kubwa ya uchafuzi ilishatoka zamani, mpunga ukiwa bado jarubani na ng'ombe akiwa bado anacheua.

Gesijoto ni hewa zinazonasa joto la dunia lisipotee angani. Tunaposema gesijoto za chakula, tunahesabu zile za safari nzima: kufyeka msitu kupata shamba, kutengeneza mbolea, kulima, kufuga, kusindika, kusafirisha, kupika, mpaka makombo yanapoozea dampo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa kwa mwaka 2015 safari hiyo, dunia nzima, ilitoa takriban tani bilioni 18, yaani asilimia 34 ya gesijoto zote zinazosababishwa na binadamu. Zaidi ya theluthi mbili ya hizo zilitoka kwenye uzalishaji wenyewe na kwenye ardhi iliyogeuzwa kuwa mashamba. Usafirishaji haukufika hata asilimia 10.

Ng'ombe anastahili maelezo marefu kidogo. Tumboni mwake wamo vijidudu wanaovunja nyasi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na wakifanya kazi hiyo hutoa methani. Gesi hiyo humtoka zaidi mdomoni, kwa mbweu, si nyuma kama watu wanavyodhani. Vijidudu wa jamii hiyohiyo wamo pia kwenye majaruba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, huko Moshi: maji yakituama juu ya udongo, oksijeni inakwisha chini, methani inatengenezwa, kisha inapanda kupitia shina la mpunga.

Tani moja ya methani, ikipimwa kwa miaka 100, hupasha joto zaidi ya mara 27 kuliko tani moja ya hewa ukaa (kaboni dioksidi), ingawa yenyewe hudumu angani miaka 12 hivi tu. Yuria na samadi nazo huacha naitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu ya takriban mara 270 ya hewa ukaa. Ndiyo sababu wataalamu hubadilisha kila gesi iwe tani za hewa ukaa inayolingana nayo. Bila hivyo huwezi kujumlisha mbweu wa ng'ombe na moshi wa lori.

Hapa kuna jambo ambalo naona husemwa kwa haraka mno. Mtu akisikia ng'ombe wanachangia, anamfikiria mama wa Kibosho mwenye ng'ombe wawili bandani. Sidhani ni haki kumweka mama huyo kapu moja na mashamba makubwa yanayofyeka misitu kwa ajili ya malisho. Kihamba chake, yaani shamba la kuzunguka nyumba, kina migomba, kahawa na miti ya kivuli inayoshikilia kaboni, na samadi inarudi kwenye mgomba. Hata hivyo, hesabu ya lita za maziwa ina ukweli wake: ng'ombe wa lita 2 kwa siku anakula na kubeua kila siku kama wengine, kwa hiyo kila lita yake hubeba methani nyingi kuliko ya ng'ombe wa lita 10. Majani bora, mashudu, maji ya kutosha na matibabu ya mapema humwongezea mama maziwa na kupunguza gesi kwa kila lita. Ndiyo maana napenda mjadala huu uanzie bandani kwake, kwa msaada, badala ya lawama.

Kwenye mpunga, njia iliyo karibu ni kilimo shadidi, ambapo jaruba huachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Oksijeni inarudi udongoni, methani inapungua sana, na maji yanabaki kwa wakulima wa chini ya mfereji. Naitrasi oksaidi inaweza kupanda kiasi, hivyo mbolea ya kukuzia inahitaji kipimo.

Na ule mkungu wa ndizi uliolainika ukatupwa Kiborloni? Gesi za kuulima na kuusafirisha zilishatoka zote, hakuna aliyeula, na sasa unaanza kutoa methani yake mwenyewe chini ya lundo la taka.