Mafuta Mengi Ndiyo Yanayoharibu Tatuu Mpya

Juzi mteja alinirudia siku ya tano tangu nimchore. Akakunja mkono wa shati akanyoosha mkono mbele yangu, uso wote unasubiri sifa. Tatuu iling'aa kama sakafu iliyopigwa nta. "Napaka kila nikikumbuka," akasema, "sijaiacha ikauke hata dakika moja." Chini ya yale mafuta vigaga vilikuwa vimelainika na kuvimba. Kimoja kilishang'oka na wino wake, kikaacha kishimo chekundu kwenye ncha ya jani nililomchora.

Kazi nyingi ninazoziona zimeharibika hazikuharibiwa na uzembe. Zimeharibiwa na kudekezwa.

Sindano hupita ngozi ya juu na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Mwili huuona wino kama mgeni asiyealikwa. Seli za kinga ziitwazo makrofeji huzimeza chembe zake, lakini hushindwa kuzisaga, basi hubaki nazo palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba makrofeji ikifa huuachia wino wake, na nyingine huudaka. Ndiyo maana mchoro haufutiki. Wewe huna la kufanya huko ndani. Kazi yako ni huku juu, kwenye matundu ambayo ngozi inajitahidi kuyaziba.

Ngozi hiyo inataka unyevu kidogo. Ukiifunika kwa mafuta mazito kutwa kucha, kigaga kinaloa na kuwa laini, kisha kinanasa kwenye nguo na kubanduka kabla ya wakati wake. Kwa tatuu ya ukubwa wa kiganja, mafuta ya ukubwa wa punje ya choroko yanatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Dakika tano baadaye, ikiwa bado inang'aa, umezidisha: futa.

Kabla ya hayo yote, osha mikono. Nalisema hili mpaka wateja wananicheka, ila vidole vyako vimeshika simu, vitasa na pesa tangu asubuhi. Kisha osha tatuu kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja kitupu, bila dodoki. Kausha kwa karatasi laini, ukigusagusa tu. Taulo la bafuni achana nalo, hutunza vijidudu na nyuzi zake hunasa.

Kama nimekubandikia plasta ile nyembamba inayoonyesha ndani, utaona dimbwi jeusi chini yake. Usishtuke, ni majimaji ya mwili yaliyochanganyika na wino uliozidi. Iache kwa muda niliokwambia, lakini ikiachia pembeni au ikivuja, itoe siku hiyohiyo uoshe. Na ukiamka shuka limegandia, usilivute! Lilowanishe mpaka liachie lenyewe.

Kati ya siku ya 4 na ya 7 hivi ngozi huanza kubanduka, na simu zangu huanza kulia. "Wino wote unaondoka!" Hauondoki. Vile vipande vyenye rangi ni ngozi ya juu iliyokufa, na wino wake haukuwa wa kubaki. Tatuu itaonekana imefifia, kama imefunikwa na ukungu, kwa wiki kadhaa. Mwasho wa siku hizi ni mtihani kweli. Usikune wala usibandue, ipigepige kwa kiganja safi.

Kuoga ni sawa. Kuogelea au kujiloweka, hapana, mpaka ngozi ya juu ifunge, na hiyo ni wiki 2 hadi 4. Mwaka 2017 madaktari waliripoti kisa cha mwanamume aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa. Bakteria wa majini waliingia kwenye kidonda, naye, aliyekuwa tayari na ugonjwa wa ini, akafariki. Ni nadra, lakini sioni sababu ya kubahatisha.

Jua likinge kwa nguo. Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, subiri mpaka pamepona.

Wekundu na joto siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, mradi vinapungua kila siku. Vikianza kusambaa, au ukaona usaha, michirizi myekundu au homa, usinitumie picha. Nenda kwa daktari, mimi nachora tu.

Yule mteja atarudi baada ya wiki 6 nimzibie kishimo. Aliniomba nikizibe palepale, nikakataa: ngozi ya pale bado changa, sindano ingeichana tu, na wino usingeshika.