Je, wajua maji yanaweza kuganda kwenye joto la kuyachemsha?

Sote tumefundishwa kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 100. Ni kweli, ilimradi maji yana nafasi. Yabane ndani ya mrija nano wa kaboni uone.

Mrija huo ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu, lililojiviringa. Tunaouzungumzia hapa una kipenyo cha nanomita moja hivi, na nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Molekuli moja ya maji inakaribia nanomita 0.3, kwa hiyo humo ndani hakuna pa kujinyoosha.

Ajabu ya kwanza ni kwamba maji huingia. Kuta za kaboni haziyavuti, na ungetegemea yabaki nje. Lakini mwaka 2001 Gerhard Hummer na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba mrija wa nanomita 0.8 hujaa maji wenyewe, molekuli zikiwa zimefuatana moja moja kama watu kwenye foleni. Nje, kila molekuli huwa imeshikana na wenzake wanne hivi. Humo hushikana na wawili tu, wa mbele na wa nyuma.

Sasa tupanue mrija kidogo. Mwaka 2016 kundi la Michael Strano, katika chuo cha MIT nchini Marekani, lilipima mirija iliyojaa maji. Waliimulika kwa leza na kufuatilia jinsi inavyotetema, kwa kuwa mrija hutanuka na kusinyaa mfululizo, na mtetemo huo hubadilika kulingana na hali ya maji yaliyomo. Katika mrija wa nanomita 1.05, maji yaliganda kati ya nyuzi 105 na 151! Ukiongeza kipenyo kwa nanomita 0.01 tu, yanaganda kati ya 87 na 117. Ukifika nanomita 1.15 mambo yanageuka: kiwango cha kuganda kinashuka, mahali fulani kati ya nyuzi 35 chini ya sifuri na nyuzi 10 juu ya sifuri.

Kwa nini tofauti ndogo hivyo ilete haya yote? Kwa sababu molekuli za maji haziwezi kushikana ovyo. Zina pembe zake. Kipenyo kikiziruhusu kujipanga vizuri, mpangilio huo hudumu hata joto likipanda. Kikipitiliza kidogo, hazipati pa kutulia. Hicho kigumu, hata hivyo, si lazima kiwe barafu tuijuayo, na watafiti wenyewe walisita kukiita hivyo.

Mimi naona jambo lenye manufaa zaidi ni mwendo. Ukuta wa mrija ni laini mno, hauna mikwaruzo ya kuyashika maji, nayo huteleza kwa kasi kubwa kuliko hesabu za mabomba ya kawaida zinavyotabiri. Chumvi iliyoyeyuka hupata shida kupenya kwenye mirija myembamba zaidi, ndiyo maana wanaotafuta njia nafuu ya kusafisha maji ya bahari wanaichunguza kwa bidii.