Teknolojia ya uzalishaji viwandani ni kusomea nini hasa?

Kijana akisema amechaguliwa kusoma umeme, mtaa mzima unajua atakuwa nani. Akisema anakwenda kusoma teknolojia ya uzalishaji viwandani, ataulizwa: "Sasa wewe mwanangu utatengeneza nini?" Swali ni la haki. Jibu ni kwamba hasomei kutengeneza kitu kimoja, anasomea namna vitu vinavyotengenezwa kwa wingi: malighafi inaingia vipi, inapita mashine gani, kwa joto na kasi ipi, inapotea wapi njiani, na kwa nini bidhaa ya leo haifanani na ya jana.

Mfano wa karibu ni mafuta ya makonyo, yale yanayotengenezwa kiwandani Wawi, Pemba. Makonyo ni vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hupakiwa ndani ya tangi, mvuke ukapitishwa kutoka chini, ukabeba mafuta, ukaingia kwenye bomba linalopozwa na maji. Humo mvuke hurudi kuwa maji, na mafuta hutoka pamoja nayo. Wengi hudhani mafuta yataelea juu, kama ya nazi yanavyoelea. La! Mafuta ya karafuu ni mazito kidogo kuliko maji, hivyo hutuama chini, na chombo cha kuyatenganisha hupangwa kwa kulijua hilo.

Tuseme kwenye kiwanda cha namna hii mafuta yamepungua ghafla. Anayelisha boila, yaani tangi linalochemsha maji kutoa mvuke, atalaumu makonyo. Aliyepokea makonyo atalaumu boila. Aliyesomea uzalishaji haanzi kwa kulaumu. Anatazama shinikizo la mvuke. Anauliza makonyo yalipakiwaje, kwa sababu yakirundikwa ovyo mvuke hujitafutia njia upande mmoja na kuyaacha mengine bila kuguswa. Anagusa maji ya kupozea: yakishapata moto, sehemu ya mvuke hutoka nje na mafuta yake. Anapima, anaandika, anabadilisha jambo moja tu, kisha anapima tena. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hata ukifaulu hujui lililokusaidia ni lipi.

Katika ngazi zetu za kazi, huyu ni fundi sanifu. Fundi mchundo chini yake ana mkono mzuri wa kuchomelea au kufunga mota. Mhandisi juu yake anasanifu mtambo na kupiga hesabu zake. Fundi sanifu ndiye anayeuendesha mtambo huo usisimame, anaelewa mchoro wa mhandisi na anaelewa pia mlio wa mashine unapobadilika. Kwa maoni yangu, hapa ndipo viwanda vidogo vinapoumia zaidi, maana mashine inaweza kuagizwa kutoka nje mpya kabisa, lakini wa kuilea hayumo kwenye kontena.

Masomo yenyewe ni mchanganyiko. Kuna kusoma michoro, kupima kwa kalipa na mikromita, tabia za chuma na plastiki, umeme wa viwandani, mitambo ya hewa iliyobanwa na ya mafuta ya haidroliki. Kuna PLC, yaani kompyuta ndogo imara inayosoma vihisio vya kwenye mashine na kuamrisha mota na vali. Ilianza miaka ya mwisho ya 1960 kwenye viwanda vya magari Marekani. Usalama hutangulia yote: kabla ya kutia mkono ndani ya mashine unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako na ufunguo unautia mfukoni mwako. Si mfukoni mwa msimamizi.

Somo ninaloliona tamu kuliko yote ni udhibiti wa ubora. Chukua mashine inayojaza chupa za maji za mililita 500. Hakuna chupa mbili zitakazolingana kabisa; moja itakuwa na 501, nyingine 499. Mwendeshaji asiyejua ataigusa mashine kila akiona tofauti, na matokeo yake tofauti zitaongezeka, kwa kuwa anafukuza mabadiliko ambayo ni ya kawaida ya mashine hiyo. Mwaka 1924 Walter Shewhart, wa Marekani, alibuni chati yenye mstari wa katikati na mipaka miwili, juu na chini. Vipimo vikichezacheza ndani ya mipaka, acha mashine ifanye kazi. Kikivuka mpaka, au vikianza kupanda mfululizo, kuna jambo: vali imelika, shinikizo limeshuka, au zamu imebadilika. Ni chati ya penseli na karatasi, na mpaka leo inatumika.

Marekani fani hii hufundishwa sana kwenye vyuo vya jamii, vyuo vya umma vya miaka 2 ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Wanafunzi wengi huko wana kazi tayari na huja darasani jioni, na masomo hupangwa kwa kutazama viwanda vilivyo jirani na chuo. Kwetu Zanzibar vinavyokaribiana na hivyo ni vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na kwa ngazi ya stashahada Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Usitegemee kukuta jina hilohilo refu mlangoni. Maarifa haya mara nyingi yamo ndani ya kozi za umeme, mitambo au usindikaji wa vyakula, na mwenye nia huyakusanya.

Kwa hiyo anayetaka kujiandikisha asiishie kusoma jina la kozi. Aombe kuiona karakana, na aulize mashine zipi zinawaka. Aulize fildi hufanyika kiwanda gani, kwa wiki ngapi, na kama mwanafunzi huachiwa kushika vifaa au hupewa ufagio tu. Aulize pia hesabu inayotakiwa. Asilimia, wastani na kusoma grafu lazima awe navyo tangu skuli, vinginevyo ile chati ya Shewhart itamsumbua wiki ya kwanza.