Kodisha, usiuze: upepo na mashamba ya Mpeketoni

Wakulima wa Mpeketoni, Hongwe na Hindi, huku Lamu, huja kwangu na karatasi mkononi wakitaka kujua kama mradi wa umeme wa upepo ni wa kheri au wa shari. Kazi yangu ni kuthamini ardhi, na kwa upande wangu naitaka mitambo hiyo Lamu. Kusi ikishika, kila nahodha anajua nguvu iliyopo, na laini kubwa ya umeme ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen imeshafika kwetu. Lakini kukubali au kukataa hutegemea mkataba, na hutegemea pia jirani ambaye mkataba haumtaji.

Kinachokaa shambani si kikubwa kama watu wanavyohofia. Msingi wa zege wa mtambo mmoja mkubwa hufikia upana wa mita 20 hivi, kisha hufukiwa kwa udongo. Juu hubaki nguzo, uwanja wa kreni na barabara, nyaya huzikwa. Mahindi, ufuta na pamba hulimwa hadi karibu na nguzo. Kwa hiyo dalali akikwambia ni lazima uuze shamba zima ili isimame mitambo miwili, mkatalie. Huko Kipeto, Kajiado, mitambo 60 yenye jumla ya megawati 100 imesimama kwenye ardhi iliyokodishwa, na hati zimebaki kwa wenyewe.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukipita bila kukisoma: kile cha kutozuia upepo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayobebwa na upepo huo huongezeka mara nane. Kasi ikipungua kidogo tu, umeme hushuka sana. Ndiyo sababu mwekezaji hataki kitu kirefu upande upepo unakotokea. Kwenye mkataba huandikwa kwa sentensi moja: mwenye ardhi hatapanda wala kujenga chochote kinachozidi urefu fulani, ndani ya umbali fulani, muda wote wa mkataba. Mkulima wa ngano wa Narok anaweza kuisaini bila kupoteza chochote. Kwetu sentensi hiyo inagusa mnazi, mwembe na mkorosho. Mkorosho unaopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, halafu huzaa kwa miaka mingi sana. Ukifungwa miaka 25 usipande, wanao watarithi shamba lisilo na miti. Ninapothamini, huhesabu miti iliyopo mmoja mmoja, nikaongeza na ile ambayo haitapandwa, na hudai fidia yake iandikwe mbali na kodi ya ardhi. Hapo sirudi nyuma.

Kodi nayo isiwe shilingi zile zile mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Dai ipande kila baada ya muda fulani, na juu yake upate asilimia ya mauzo ya umeme. Mlingoti wa kupimia upepo unahitaji angalau mwaka mzima ili uone kusi na kaskazi, na muda huo shamba lako limefungwa, huwezi kumpa mwingine. Muda huo uwe na mwisho na ulipwe. Fedha za kung'oa mitambo ikishazeeka ziwekwe benki tangu mapema, kwa maana kampuni inaweza kufilisika ikakuachia chuma na zege.

Sasa jirani. Lamu iko karibu na ikweta, na jua haliendi mbali sana na mashariki linapochomoza. Asubuhi kivuli cha mapanga yanayozunguka huangukia upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki. Nyumba iliyo kaskazini au kusini mwa mtambo haina shida, lakini iliyo magharibi, kwa majuma fulani ya mwaka, itapepeswa na kivuli dirishani wakati watoto wanajiandaa kwenda shule. Mwenye nyumba hiyo halipwi kodi. Dai ramani ya kivuli na ya kelele, mtembee nayo pamoja kabla ya kukubaliana nguzo ikae wapi. Mradi wa Kinangop, wa megawati 60 hivi, ulikufa mwaka 2016 ingawa wakulima kadhaa walikuwa wameshakodisha mashamba yao; wenyeji waliandamana kuupinga hadi ukasimama.

Na suala la hati huku kwetu lina uchungu wake. Mradi wa upepo wa megawati 90 uliopangwa mahali paitwapo Baharini, hapa Lamu, umekwamishwa miaka mingi na mizozo ya ardhi. Hata mradi wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365, ambao tayari unazalisha umeme, mahakama iliamua Oktoba 2021 kwamba hati za ardhi yake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kwa hiyo anayelima bila hati ahesabiwe tangu mwanzo, jina lake na mazao yake yaandikwe, asije akaitwa skwota siku tingatinga linapofika. Mwenye hati naye asisaini peke yake. Ardhi ya kilimo hukodishwa kwa idhini ya bodi ya ardhi, la sivyo mkataba ni batili, na mke au mume lazima akubali.

Baada ya hapo huja NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira. Wanalamu tunajua uzito wa hatua hiyo: Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ya mradi wa upepo ikitoka, iombeni, mtafute wa kuwasomea kurasa za ardhi, kelele na ndege, na maoni yenu myapeleke kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Leseni ikitolewa nanyi hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa.