Msaidizi wa Kuandika Msimbo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Majaribio (vipimo vya kuhakikisha msimbo, yaani maagizo ya programu, unafanya kazi) yakipita, kazi imekwisha.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi. Chukua fomu ya usajili inayopokea namba za simu za Kenya. Msaidizi wa akili unde anaweza kuandika, kwa sekunde chache, kanuni inayokubali namba zinazoanza na 07 pekee, kisha akaongeza majaribio matatu, yote ya 07, na yote yakapita. Mteja mwenye namba ya 0110 atakataliwa, ilhali namba za 01 zilianza kutolewa nchini humo mwaka 2019. Majaribio yaliyotungwa na yuleyule aliyeandika msimbo hurithi upofu wake. Kwa hiyo yaandike wewe kwanza, ukiweka namba za 01, zenye +254 na zenye nafasi katikati, kisha mkataze kuyagusa, maana akibanwa huweza kulegeza jaribio badala ya kurekebisha kosa.

Dhana: Ukimtumia, lazima utamaliza mapema.

Ukweli: Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwapima waandaaji programu 16 wazoefu katika kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini kwamba umepungua kwa asilimia 20. Utafiti ulikuwa mdogo na zana hizi hubadilika kila uchao, lakini pengo hilo kati ya hisia na saa linatosha kumfanya mtu aanze kujipima.

Dhana: Kifurushi (msimbo ulioandikwa na wengine) alichokitaja msaidizi kipo, na ni salama.

Ukweli: Wakati mwingine hubuni jina, na wahalifu huweza kulisajili jina hilo na kupakia humo programu hasidi. Kitafute npm au PyPI, hazina za vifurushi mtandaoni, utazame historia yake, ndipo ukisakinishe.

Dhana: Mazungumzo yakirefuka, anakuelewa zaidi.

Ukweli: Kiasi cha maandishi anachoweza kuzingatia kwa wakati mmoja kina kikomo, na maagizo ya asubuhi hufifia chini ya makosa ya mchana. Kila kazi ianze kwenye mazungumzo mapya, na kanuni za kudumu za mradi zikae kwenye faili analolisoma kila anapoanza. Kabla ya kila agizo, hifadhi hatua yako kwa Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo. Akiharibu, unarudi ulikokuwa bila kumwomba afumue mwenyewe alichokivuruga, kazi ambayo, kwa uzoefu wangu, huzaa mkanganyiko wa pili.